Nani Alichezea Saa ya Friji?

Msiniletee tena programu inayopima muda kwa saa ya kalenda. Nimesema. Wiki iliyopita walikuja nyumbani kwangu Kasulu vijana wa chuo, watu wa adabu, wamebeba na sukari, wakafungua kompyuta wanionyeshe kifaa chao cha kumwagilia bustani ya nyanya. Kifaa kizuri, waya zimepangwa vizuri kuliko nilivyopanga mimi maisha yangu yote. Nikashuka na programu mstari kwa mstari, nikafika mahali inapoamua pampu imefanya kazi kwa muda gani, nikakuta wanaiuliza saa ileile inayoonyesha tarehe. Nikafunga kompyuta. Mmoja akasema kwa upole, "Lakini mama, inafanya kazi."

Inafanya kazi! Hata ile friji ya upande wa Kitahana ilikuwa inafanya kazi. Ilifanya kazi vizuri kabisa mpaka siku ilipotaka kumtoa kazini mtu asiye na kosa. Nilikunywa chai yangu ikiwa imepoa siku hiyo kwa sababu ya hasira, na vijana wa watu wakaondoka wakidhani nimewachukia. Sikuwachukia. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi nyote mnaotengeneza akili za vifaa vidogo. Nimestaafu, sina bosi wa kumwogopa, na leo nitasema yote.

Kazi yangu ilikuwa karakana ya Kasulu, chini ya kampuni yenye ofisi kubwa Dar es Salaam ambayo jina lake silitaji, ingawa ulimi unawasha. Tulikuwa tunafunga na kutunza vifaa vya sola: friji za chanjo, pampu za maji, taa za shule. Eneo langu lilikuwa Kasulu yote, Kibondo, na kule Buhigwe mpaka mpakani. Programu zilikuwa zinaandikwa Dar. Sisi wa huku tulikuwa tunaletewa, tunapakia, na zikiharibika tunatukanwa sisi.

Lakini kabla ya chuo na kabla ya kampuni nilianza kwa Mzee Shabani. Alikuwa fundi saa, kibanda chake kipo jirani na soko la Kasulu, mtu wa kanzu na kofia, ambaye babu yake alipanda huku na biashara kutoka pwani akaoa akabaki. Alinifundisha kulehemu waya bila kuunguza vidole. Kwenye meza yake ya kazi kulikuwa na saa ya mezani ambayo wateja walikuwa wanaicheka, kwa sababu haikuwahi kuonyesha saa sahihi hata siku moja. Mchana inaonyesha alfajiri. Fundi saa gani huyu, saa yake mwenyewe imepotea?

Siku ya kwanza nilitaka kumsaidia, nikaigeuza nirekebishe mishale. Sikuona pa kushika. Kile kidude cha nyuma cha kuzungushia mishale alikuwa amekikata kwa koleo.

"Usihangaike, mwanangu," akaniambia. "Hiyo siiulizi sasa hivi ni saa ngapi. Naiuliza imepita dakika ngapi. Nikiwacha kidude, atapita mtu mwema kama wewe anirekebishie, na kazi yangu ya tangu asubuhi imekufa."

Alikuwa akipokea saa ya mteja inayochelewa, anaandika kwa chaki saa ya mteja inasema nini na ile ya mezani inasema nini, anaziacha, halafu baadaye anatoa: hii imetembea kiasi gani, na ile kiasi gani. Basi. Iwe sahihi au isiwe sahihi, hakujali. Alijali tu isirudi nyuma na isirukeruke. Ukitaka kujua saa ya swala, anatazama ya mkononi.

Nimesoma vitabu vinene baadaye, vya Kiingereza, vinasema jambo hilohilo kwa kurasa nyingi. Ndani ya kifaa chenu kuna saa za aina mbili. Ya kwanza ni saa ya kalenda, chipu ndogo yenye betri yake ya duara. Inajua tarehe, mwezi na mwaka, na inaweza kubadilishwa: na mtu kwa kubonyeza, na mtandao wa simu, na betri ikiisha inarudi mwaka iliozaliwa. Ya pili ni kihesabu. Kinakaa ndani ya prosesa yenyewe, ule ubongo wa kifaa, kinahesabu tu tangu umeme ulipowaka: moja, mbili, tatu, kinaendelea. Hakijui Jumatatu wala Idi wala Krismasi. Hakuna kitufe cha kukirudisha nyuma. Hiyo ndiyo saa ya Mzee Shabani iliyokatwa kidude. Mkitaka kumwonyesha mtu saa, soma kalenda. Mkitaka kujua kitu kimechukua muda gani, soma kihesabu. Kuna ugumu gani hapo?

Na kinachoniudhi zaidi, watu wa Dar walichagua saa mbaya ambayo pia ni ya gharama. Kuna anayekosea kwa sababu ya kubana umeme, huyo ninamwelewa. Hawa walikosea na umeme wakaumwaga. Programu ya friji ilikuwa inazunguka bila kupumzika, na kila mzunguko inaiuliza chipu ya kalenda: saa ngapi? saa ngapi? saa ngapi? Chipu ipo mwisho wa waya mbili. Kuiuliza ni prosesa igonge hodi, isubiri, iletewe sekunde, iletewe dakika, iletewe saa, mpaka mwaka, halafu ikae ibadilishe yote hayo yawe sekunde ili itoe tofauti. Ni sawa na mtu anayesonga ugali halafu kila mwiko anakwenda kwa jirani kuuliza muda. Kihesabu kipo hapohapo jikoni, kukisoma ni kutupa jicho.

Niliweka kipimo cha umeme kwenye bodi ya friji, nikaona jinsi betri inavyonyonywa bure. Masika ya Kibondo mnayajua, jua linaweza kujificha mpaka mtu asahau rangi yake, na betri ya sola ikiwa dhaifu kila tone lina maana. Nikawapigia Dar. Meneja wetu wa ufundi, kijana mtanashati, anaongea kama anasoma taarifa ya habari, akaniambia, "Mama Devota, hicho ni kiasi kidogo sana, tusipoteze muda." Muda! Yeye ndiye wa kuniambia habari za muda.

Lakini msitoke hapa mkakimbilia kihesabu chochote mnachokiona. Kuna vihesabu vya kasi sana vinavyokwenda na mapigo ya prosesa, na prosesa ikilala navyo vinalala. Mwenzetu mmoja wa karakana alitengeneza mashine ya kutotolea vifaranga, akatumia hicho cha kasi kwa sababu kina sifa. Ili kuokoa umeme akaifanya prosesa ilale muda mwingi. Basi mayai yakawa yanageuzwa siku mashine inapojisikia, na vifaranga tukavisubiri mpaka mke wake akaamua kuyatupa mayai kwa sababu ya harufu. Kwa kazi ya dakika, chukueni kihesabu cha polepole kinachobaki macho prosesa inapolala. Hakili umeme na hakina makuu. Mkumbuke pia kwamba kihesabu hujaa kikarudi sifuri, kama namba za mwendo kwenye pikipiki ya zamani. Kwa hiyo msiandike "ikifika namba fulani, washa." Chukueni ya sasa, toeni ya mwanzo, angalieni tofauti. Ukitoa hivyo kwa namba zisizo na hasi, hata kihesabu kikivuka sifuri jibu linabaki sahihi. Jaribuni wenyewe, msiniamini.

Dalili tulikuwa tumeiona mapema, Munanila, kule Buhigwe. Tulifunga pampu ya kijiji ambayo ina laini ya simu, na saa yake inachukua kwenye mtandao. Mnaoishi mpakani mmeshaanza kucheka. Kule simu ikipanda kidogo tu mlimani inashika mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu saa moja. Watu wa kule wamezoea, mtu akikuahidi saa unamuuliza, "Ya huku au ya ng'ambo?" Pampu haikuzoea. Ilitakiwa ivute maji kwa muda, ipumzike kisima kijae. Ikashika mnara wa ng'ambo katikati ya kazi, saa ikarudi nyuma, ikaona bado ina muda mwingi wa kuvuta. Ikavuta hadi kisima kikakauka, ikaendelea kuvuta hewa mpaka ikaungua. Niliwaeleza Dar chanzo kwa kinaganaga. Jibu: tatizo ni la mpaka, toeni laini. Tukatoa laini. Programu haikuguswa hata mstari mmoja, na programu hiyohiyo, sehemu hiyohiyo ya kupima muda, ndiyo ilikuwa ndani ya friji za chanjo.

Sasa nifike kwa Leokadia.

Leokadia alikuwa nesi wa zahanati moja ndogo upande wa Kitahana. Mwanamke mfupi, mchangamfu, Muha wa kuzaliwa, anayekukaribisha "Mwakeye!" kabla hujashuka kwenye pikipiki. Friji yetu aliitunza kuliko tulivyoitunza sisi. Friji yenyewe ilikuwa ndogo, ya aina inayotegemea kompresa, ile mota inayosukuma ubaridi, na kompresa ikizima ni lazima ipumzike dakika chache kabla ya kuwaka tena, la sivyo inaungua. Mlangoni ina kioo chenye namba kubwa nyekundu: joto, na saa. Pale zahanati ndiyo ilikuwa saa kubwa kuliko zote, na ipo mkabala na benchi wanapokaa kina mama wa kliniki.

Shida ilikuwa hii. Leokadia anawaambia kina mama, zamu ya dozi ya pili ni saa nane mchana. Wanatazama kioo, kimeandika 14:00. Saa ya mkononi ikionyesha mbili, watu wamezoea kuibadilisha kichwani, lakini kumi na nne? Kina mama wakubwa wakawa wanakuja kumuuliza kila mara, nesi, tayari? Naye ana foleni. Kwenye friji tulikuwa tumeweka kitufe, tumeandika kwa Kiswahili kizuri: REKEBISHA SAA. Basi siku moja ya kliniki, mchana, akakibonyeza, akairudisha nyuma saa sita. Kioo kikasoma 8:00, na saa nane ikawa saa nane. Kina mama wakafurahi. Mimi ningekuwepo ningempongeza.

Kompresa wakati huo ilikuwa imezima kwa mapumziko. Programu ilikuwa imeandika moyoni: nilizima mchana, nikae dakika chache. Ikaiuliza kalenda, ikaambiwa ni asubuhi. Ikaona mchana haujafika, sembuse dakika za mapumziko. Ikasubiri. Mlango unafunguliwa na kufungwa, chanjo zinatolewa, joto linapanda, friji inasubiri saa sita ziishe ndipo ipumzike zile dakika zake chache. Na king'ora? Kilitakiwa kulia joto likikaa juu kwa muda. Kilipima muda huo kwa kalenda ileile. Kikanyamaza kimya.

Aliyegundua ni Leokadia mwenyewe, alipopita kukagua joto kabla ya kufunga. Aliyepiga simu wilayani kutoa taarifa ni yeye. Angeweza kunyamaza, kesho yake friji ingeonyesha ubaridi kama kawaida, na watoto wangechomwa dawa iliyokufa. Akazitenga zile chanjo zote, akawaambia kina mama waliokuja kesho yake warudi makwao na watoto mgongoni, akatukanwa na baadhi yao, akavumilia.

Na kampuni yetu ikajibu nini? Meneja aliandika taarifa: friji haina kasoro, mtumiaji alichezea saa. Alichezea! Kitufe tumeweka sisi, maandishi tumeandika sisi, halafu anayekibonyeza anacheza. Leokadia akasimamishwa kazi wakati jambo linachunguzwa. Nilipopita kwake nikamkuta amekaa nyuma ya nyumba anapepeta maharage, hajavaa sare, na ule uchangamfu umekwisha.

"Dada, nimeua chanjo za watoto," akaniambia. "Ni hiki kidole."

Nikamweleza habari za saa mbili zilizomo ndani. Akawa anaitikia "ego, ego", ile ya kumridhisha mgeni. Hakuniamini. Taarifa ilikuwa na muhuri, mimi nilikuwa na maneno tu.

Kikao cha kamati ya uchunguzi kikaitwa Kibondo mjini. Meneja akaja kutoka Dar, nami nikatakiwa nikae upande wake kama fundi wa eneo, nithibitishe kwamba friji ni nzima. Nikaja, lakini nikaja na bodi ya friji nyingine ya aina ileile ndani ya kikapu, pamoja na betri na taa ndogo badala ya kompresa. Meneja akasoma taarifa yake. Akamalizia kwa kusema kifaa kimetengenezwa kwa matumizi ya kawaida, na hakuna mtu wa kawaida anayeweza kurudisha saa nyuma kwa saa sita.

Nikanyoosha mkono. "Samahani meneja, sasa hivi ni saa ngapi?"

Akatoa simu, akatazama. "Saa nne na nusu."

"Simu yako imeandika ngapi?"

Akatazama tena. "Kumi na thelathini."

"Basi umerudisha saa sita sasa hivi, mbele yetu, na hujacheza na kitu."

Mzee mmoja wa kamati akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Leokadia hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu. Nikawasha bodi, nikasubiri taa izime kwa mapumziko, nikabonyeza REKEBISHA SAA nikarudisha saa sita, tukakaa. Dakika zikapita, taa haikuwaka. Chai ikaletwa, ikanywewa, taa haikuwaka. Mzee akauliza itawaka lini, nikamwambia itawaka jioni, mkiwa na subira. Kisha nikapakia programu yangu, niliyobadilisha mahali pamoja tu, inayosoma kihesabu. Nikarudia yaleyale. Taa ikawaka baada ya dakika zake chache kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Mnadhani meneja aliomba radhi? Alisema, "Tutalifanyia kazi." Leokadia akarudishwa kazini, hilo nashukuru. Lakini taarifa mpya ya kampuni iliandika "hitilafu ya kiufundi ilijitokeza." Ilijitokeza! Kama upele. Hakuna aliyechagua ile saa, hakuna aliyeonywa baada ya Munanila, hakuna aliyemsimamisha mwanamke wa watu. Alipochezea yeye, kulikuwa na mtu. Tulipokosea sisi, hapakuwa na mtu. Bado nina hasira nikiandika hapa, na sitaki iishe.

Wiki chache baadaye nilikwenda zahanati ile kupakia programu mpya. Leokadia alinipokea vizuri, sare imepigwa pasi, lakini kioo cha friji kilikuwa kimerudi kwenye zile saa za 14:00 za watu wa Dar, na juu ya kile kitufe alikuwa amebandika plasta ya kidonda. Hata saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Betri mpya ilikuwa mezani, chini yake, hajathubutu kuiweka.

Nilipomaliza kazi nikabandua ile plasta. Nikamwambia, "Rudisha saa sita."

"Dada, niache."

"Kompresa imezima sasa hivi, inapumzika. Ni kama siku ile. Rudisha."

Alikataa. Nikambembeleza mpaka nikaona aibu. Mwishowe akanyoosha kidole, akakiondoa, akakinyoosha tena. Akabonyeza huku amegeuza uso pembeni. Namba nyekundu zikarudi nyuma, na tukasimama wawili pale mbele ya friji, tunasikiliza. Mama mmoja kwenye benchi akauliza kuna nini, nikamwashiria asubiri dakika chache.

Kompresa ikaguna, ikaanza kunguruma.

Leokadia akaweka kiganja juu ya mlango wa friji, akakiacha hapo. Kikao kilikuwa kimeshaisha, barua ya kurudi kazini anayo, wote tulikuwa tumemwambia yameisha. Akanigeukia na macho yamejaa maji.

"Kwa hiyo dada," akasema, "siku ile sikukosea?"